Zamu ya Viwavi

Siku mbili kabla ya Ukaguzi wa Miche, bata wa Elinihaki waligoma kutoka bandani. Mlango ulikuwa wazi, jua lilishapanda juu ya mgongo wa mlima, na mvua za kwanza za masika zilikuwa zimeiacha ardhi laini kiasi ambacho bata yeyote mwenye akili zake angeshangilia. Wao walikaa tu, ishirini na saba, wakimtazama mwenye nyumba kwa jicho la lawama.

"Wamesusa," Elinihaki alisema, amechuchumaa mlangoni. "Mama Sifuni, njoo uone kazi ya mikono yako. Mwezi mzima hawajameza kiwavi hata mmoja."

"Wape pumba," mkewe, Namkunda, alijibu bila kugeuka.

"Pumba! Bata aliyezoea nyama umpe pumba? Hata mimi ningegoma."

Namkunda alicheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la nyanya, akigeuza majani moja moja kutafuta tundu, na hakuna tundu aliloliona. Mnafu ulikuwa umenawiri, figiri imechanua, kabichi zimeanza kufunga. Mwishoni mwa tuta ilisimama miche kumi na minane ya nyanya alizoachiwa na mama yake, nyanya fupi zenye mistari ya manjano ambazo aliamini hazikuwepo kwingine mlimani. Aliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa unatetemeka, kidogo sana, kama shavu la mtu anayejizuia kucheka.

Mtetemo huo ulitoka kwenye chungu kidogo kilichozikwa katikati ya matuta, kikabaki mdomo tu juu. Watu wa mtaa wa Mfereji wa Saba walikiita mbiu, na fundi wake alikuwa yeye Namkunda, mtengeneza mitambo wa milima yote ya Upare. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka uliotangulia alimsikia nyigu amenaswa ndani ya chungu kitupu, akiguruma, na papo hapo akaona viwavi waliokuwa kwenye meza ile ile wakikimbia hadi kuanguka chini. Kiwavi hana masikio ya kuonyesha, ila husikia kwa miguu, na sauti anayoiogopa kuliko zote ni ya mabawa ya nyigu anayetafuta pa kutagia mayai. Namkunda akachonga ulimi wa bati jembamba, akaufunga ndani ya chungu, akaulisha umeme mdogo unaotoka kwenye udongo wenye unyevu, basi. Viwavijeshi, ambao hakuna dawa iliyokuwa ikiwaua tena, walihama bustani baada ya bustani.

Na furaha hiyo haikuwa ya mboga tu. Tangu tambarare ilipokauka na watu kuurudia mlima, maji ya ndiva, lile bwawa la mawe lililoko juu ya mtaa, hayakutosha kila mtu. Baraza likaweka sheria. Kila masika, siku ya Ukaguzi, kaya iwe na miche sitini hai katika ardhi yake, la sivyo inapoteza zamu yake ya maji kwa mwaka mzima. Mhesabu, chombo kirukacho chenye jicho moja, hakikuwa na huruma wala kusikiliza udhuru. Kwake, hamsini na tisa ilikuwa sawa na sifuri. Miaka mitatu nyuma kaya moja ilishindwa, ikafunga virago ikashuka kwenye mahema ya tambarare. Hadi leo hakuna aliyepata habari zao.

"Hodi hapa," sauti ilitoka njiani.

Alikuwa Bibi Nakiete wa nyumba ya mwisho, ile ya chini kabisa kando ya korongo. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye ulimi ambao watoto wa mtaa waliuogopa kuliko fimbo. Kichwani alikuwa na ungo uliofunikwa kanga.

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikai." Aliutua ungo juu ya tuta, katikati ya kabichi. "Nimekuletea wageni wako. Walipotea njia wakafikia kwangu."

Akafunua kanga. Ungo ulikuwa umejaa viwavijeshi, weusi kwa kijani, wakipandana mmoja juu ya mwingine. Mara tu mtetemo wa mbiu ulipoupata ungo, wote waligeuka pamoja upande wa mteremko. Bandani, bata ishirini na saba walisimama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Bibi, hawa si wangu," Namkunda alisema, na hata yeye alisikia jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

"Si wako? Basi niambie, fundi. Ukimfukuza mwizi kwako anakwenda mbinguni?" Bibi Nakiete alikunja kanga yake taratibu. "Nilipanda miche mia na kumi. Leo asubuhi nimehesabu thelathini na mmoja. Kesho kutwa kile kidude chenye jicho kinakuja. Shuka ukaone."

* * *

Walishuka wote watatu, Namkunda mbele na kijiti chake cha kusikilizia. Kilikuwa kijiti cha chuma chenye waya unaoingia sikioni. Alikichomeka kwenye mpaka wa kila bustani.

Mpaka wa nyumba ya tatu, inayofuata ya kwao, kimya. Ya nne, kimya. Ya saba, kama mtu anayekwaruza godoro mahali mbali. Ya kumi, kelele. Walipofika mpaka wa nyumba ya kumi na mbili alichomoa waya haraka, kwa sababu chini ya udongo maelfu ya miguu ilikuwa inatembea, yote upande mmoja, yote kushuka.

Bustani ya Bibi Nakiete ilikuwa vijiti. Mistari mirefu ya vijiti, na penye jani pamebaki mishipa tu. Bibi alikuwa ameizungushia miche yake thelathini na mmoja makopo yaliyokatwa, akapaka nje majivu na mafuta machafu, na pembeni aliweka kigoda. Ilionekana wazi kwamba amekuwa akishinda hapo, akiokota kiwavi mmoja mmoja kwa vidole.

"Tangu lini?" Namkunda aliuliza.

"Tangu mlipoanza kusherehekea."

Namkunda alikaa chini, pale pale kwenye udongo. Alikuwa ametengeneza mbiu kumi na mbili, kwa sababu udongo mzuri wa kufinyangia ulikwisha, akazigawa kama kila kitu kinavyogawiwa katika mtaa ule: kwa zamu ya maji. Nyumba ya juu kwanza, halafu inayofuata, hadi ya mwisho. Hakuna aliyeuliza. Mababu waliichimba ndiva na mifereji yake kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya watu wote, wakaacha utaratibu huo, na kwa maji utaratibu ulikuwa na maana, kwa kuwa maji hushuka yenyewe. Ila mbiu haigawi baraka. Mbiu inasukuma balaa, na balaa lililosukumwa kutoka juu, nyumba kwa nyumba, lilishuka kwa mpangilio ule ule wa maji. Fundi mzima hakuliona hilo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Maji hunifikia mwisho, yakiwa mabaki," Bibi Nakiete alisema. Sasa sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Namkunda zaidi. "Viwavi wamenifikia wote, hakuna aliyebaki."

"Nitakupa mbiu yangu, Bibi. Leo hii."

"Halafu waende wapi?"

Namkunda alitazama ng'ambo ya korongo. Kule ulikuwa mtaa wa Mfereji wa Nane, nyumba tisa, matuta ya kijani, na mbiu hakuna hata moja.

* * *

Mzee Mrindoko, mwenyekiti wa ndiva, aliwapokea ukutani pa bwawa, mahali alipopenda kukaa kuliko hata kwake. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza, ya juu kabisa. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake alikuwa ameikariri kama jedwali la kuzidisha na hakupenda mtu amkatishe.

"Mpe mbiu yako, mambo yaishe," alisema. "Wa Nane watajijua. Nao wana mafundi wao."

"Hawana, Mzee. Na wakiwa nayo watawasukuma kwa wa Tisa."

"Basi zima zote kumi na mbili. Tule hasara sawasawa."

"Nikizima leo, viwavi wamekusanyika kwa Bibi. Watammaliza kwanza, ndipo wapande kwetu wakiwa na njaa. Kesho kutwa nusu ya mtaa haifikishi sitini."

Mzee Mrindoko alitazama maji ya bwawa. Njia ya tatu Namkunda alikuwa nayo tangu walipokuwa wakipanda, na hakutaka kuitoa mdomoni. Siku mbili tu. Kama angenyamaza siku mbili, yeye angepita, wenzake kumi na mmoja wangepita, na baadaye angetengeneza chungu cha kumi na tatu, akaomba radhi vizuri, hata akalia. Watu wangemwelewa. Bibi Nakiete angekuwa ameshashuka tambarare akiwa na ungo wake kichwani, na hilo nalo lingeeleweka, kwamba alikuwa mzee.

"Sema," Elinihaki alimwambia. "Nakuona umeshika kitu."

"Naweza kuwaita," Namkunda alisema. "Kiwavi akisikia wenzake wengi wanatafuna, hukimbilia kula. Nikibadili ulimi wa mbiu moja, itetemeke kama majani yanayotafunwa, watakuja wote. Na nyingine kumi na moja nikizigeuza zisukume kupanda badala ya kushuka, watapita kwenye mfereji wetu mkuu. Tukiukausha, utakuwa barabara. Mwisho wa barabara bata ishirini na saba wenye njaa ya mwezi mzima."

Elinihaki alimgeukia mkewe. Alikuwa ameelewa kabla ya mwenyekiti.

"Bata wako kwenu," Mzee Mrindoko alisema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo bustani ya kuitia ni yako. Fundi, nikwambie mapema, nisije nikaonekana mbaya baadaye. Ukaguzi ni ule ule. Ukikosa sitini, zamu yako imekwenda. Sina mamlaka ya kukuonea huruma."

"Sijaomba huruma."

Elinihaki alitema mate pembeni. "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha," alisema. "Mtaa mzima umemwagia Bibi viwavi mwezi mzima, hapakuwa na kesi. Leo mke wangu anataka kusafisha, ndiyo anasomewa sheria. Haya. Miche ni yake na bata ni wangu. Sisi tupo."

Mzee Mrindoko alimtazama Bibi Nakiete, aliyekuwa amesimama nyuma yao bila neno, jambo ambalo mtaa mzima haukuwahi kulishuhudia. Kisha akaingia nyumbani akatoka na baragumu, ile pembe ya tandala iliyokuwa haijapulizwa tangu ukuta wa ndiva ulipobomoka miaka sita iliyopita. Akaifuta vumbi kwa shati lake.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ilipolia, watu wa nyumba kumi na tatu waliacha walichoshika.

* * *

Kesho yake saa moja asubuhi lango la ndiva lilifungwa, na mfereji mkuu ukaanza kukauka. Kila kaya ilisimama kando ya chungu chake. Namkunda alikuwa amepita kote, akageuza ndimi za bati, akamweleza kila mtu jambo moja: akisikia baragumu azungushe mdomo wa chungu hadi kwenye alama nyekundu, asichelewe, asijaribu kuwa mjanja. Mmoja akiacha chungu chake kikisukuma chini, jeshi lote lingesimama kwa jirani yake.

Baragumu ililia saa tatu.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu kule chini, mfereji ulianza kuwa mweusi.

Walipanda kama uji unaochemka kutoka kwenye sufuria. Viwavijeshi wa siku hizi wana kasi ya kuku mgonjwa, na hiyo inatosha. Walipita nyumba ya kumi na mbili, ya kumi na moja, wamejaza mfereji ukingo hadi ukingo, na pande zote mbili watu walisimama wameshika fagio na majembe, hakuna anayepumua kwa nguvu. Mama mmoja wa nyumba ya tisa alikuwa akisali kwa sauti. Hata jani moja la figiri yake halikuguswa.

Kwenye nyumba ya sita mambo yaliharibika. Pale mfereji una kona, maji yalikuwa yametuama, tope tupu, na tope halipitishi mtetemo. Viwavi wa mbele walifika, wakasita, wakainua vichwa. Walikuwa hawasikii tena wito wala kitisho. Nyuma yao maelfu waliendelea kuja, rundo likapanda, likaanza kumwagikia kwenye bustani ya nyumba ya sita.

"Udongo mkavu!" Namkunda alipiga kelele akiteremka mbio. "Leteni udongo mkavu, tufukie tope!"

Ila masika yalikuwa yameanza. Udongo mkavu ungetoka wapi? Watu walitazamana. Aliyekimbia wa kwanza ni Mzee Mrindoko, na miaka yake sitini na nane, akipanda badala ya kushuka. Alirudi na karai la vumbi jekundu alilokwangua chini ya upenu wa nyumba yake, akalimwaga lote kwenye tope, akarudi tena. Hapo watu wakazinduka. Kila nyumba ina upenu. Makarai, ndoo, sufuria, kofia za kazi, vyote vilipita mkono kwa mkono, na Bibi Nakiete alisimama ndani ya tope lenyewe, maji yakimfika kwenye vifundo, akishindilia kwa miguu.

"Ongezeni! Mnanilisha kama mtoto mchanga? Ongezeni!"

Namkunda alichomeka kijiti chake. Kimya. Kimya. Kisha hafifu, kutoka juu, sauti ya majani yanayotafunwa. Viwavi wa mbele waliinamisha vichwa, wakaingia kwenye udongo mwekundu, wakavuka. Nyumba ya sita ilipoteza miche minne tu. Mwenye nyumba alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, hajui aanze na kipi.

* * *

Lakini kazi iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu kwa Namkunda. Bata wakitoka mapema, vishindo vya miguu yao vingewatawanya viwavi walio nyuma, nao wangeingia popote. Mlango wa banda ulipaswa kubaki umefungwa hadi wa mwisho aingie. Namkunda alisimama ukutani mwa nyumba yake, Elinihaki akiwa ameshika komeo.

Kabichi zilikwenda kwanza. Zilizama tu, kama zimemezwa na ardhi. Mnafu. Figiri. Sauti ya kutafuna sasa haikuhitaji kijiti, ilisikika kama mvua juu ya mabati.

"Nifungue?" Elinihaki aliuliza.

"Bado."

Walifika kwenye nyanya. Alikuwa amejiambia hatatazama nyanya za mama, na akatazama. Shina la kwanza liliinama, la pili, la tatu. Mama yake alizibeba mbegu zile kwenye pindo la kitenge walipohama tambarare, na kila masika alimwonyesha jinsi ya kuzitobolea udongo kwa kidole, si kwa mti. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwani nani alikuwa anamtazama yeye?

"Namkunda." Mumewe hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina. "Nifungue?"

"Bado! Mkia uko nyumba ya nne."

Alihesabu. Nyumba ya nne. Ya tatu. Mche wa kumi na nane ulianguka. Mfereji nyuma ya jeshi ulikuwa umebaki udongo mtupu, na watu wa mtaa walikuwa wakipanda nyuma yake kwa miguu myepesi, makundi makundi, wanaume wamevua viatu. Kiwavi wa mwisho, mnene, mchelewaji, alivuka ukingo wa bustani.

"Fungua!"

Wanasema bata ni ndege mzito. Hao waliosema hawakuwepo siku ile. Ishirini na saba walitoka kwa mpigo mmoja, shingo zimenyooshwa, wakipiga kelele kama mahakama iliyovunjika, wakaingia katikati ya jeshi. Walikula wamesimama, walikula wakitembea, walikula wakikanyagana. Mtaa mzima ulizunguka bustani ukishangilia kila bata kwa jina, na waliokosa majina walipewa palepale. Bata dume mmoja mwenye kilemba alikula hadi akakaa, akala akiwa amekaa. Elinihaki, aliyechekwa miaka minane kwa kufuga bata mlimani, alisimama juu ya gogo mikono kiunoni, na uso wake ungeweza kukausha mahindi.

Saa kumi jioni kijiti hakikusikia kitu toka ndivani hadi korongoni. Bustani ya fundi ilikuwa udongo mtupu na kinyesi cha bata.

"Mbolea nzuri," Namkunda alisema, akajaribu kutabasamu, na karibu aweze.

* * *

Siku ya Ukaguzi alipanga kulala hadi jua kali. Kulikuwa na haja gani ya kuamka? Alikuwa ameshaanza kufikiria vipi vya kufunga na vipi vya kuacha, na kama bata wanaweza kuishi tambarare. Aliamshwa na majembe.

Alitoka na kitenge kifuani. Bustani ilikuwa imejaa watu. Mama wa nyumba ya tisa alikuwa akifukia mche wa kabichi na bonge la udongo wake, mwenye nyumba ya sita alimwagilia kwa kikopo. Kila nyumba ilitoa miche minane. Mwaka ule kila kaya ilikuwa na ziada, kwa sababu kila mtu hupanda zaidi akijua viwavi watachukua sehemu yao, na mbiu ilikuwa imewanyima. Walikuwa wameshatoka kwa Bibi Nakiete, wakapanda sehemu ya miche hiyo kwake hadi akatimiza.

Mzee Mrindoko alipanda mwenyewe, amepiga magoti na suruali yake ya baraza.

"Mzee, sheria..." Namkunda alianza.

"Nimeisoma jana mara tatu," alisema bila kuinua kichwa. "Miche hai, yenye mizizi, katika ardhi ya kaya. Haikuandikwa imepandwa na nani. Mimi nimeleta tisa. Minane ni kama wenzangu. Wa tisa ni faini ya jeuri yangu ya juzi."

Bibi Nakiete alifika wa mwisho. Ungo ule ule, kanga ile ile. Alipofunua, Namkunda aliona miche sita ya nyanya, mifupi, yenye mashina mekundu kwa chini, machozi yakamtoka.

"Unafikiri mama yako alikuwa mchoyo kama wewe?" Bibi alisema. "Alinipa mbegu mwaka tuliopanda huku. Nimezipanda kila masika. Sikujua kama ulidhani ni zako peke yako." Alichuchumaa akatoboa shimo kwa kidole, si kwa mti. "Usinililie hapa, utanichanganyia hesabu. Njoo ushike udongo."

Mhesabu kilikuja saa nne, jicho moja, kikanguruma juu ya kila paa. Juu ya nyumba ya mwisho kiliwaka taa ya kijani. Juu ya nyumba ya sita, kijani. Kilipofika kwa fundi kilizunguka mara mbili, kama kinachoshangaa miche iliyoinamisha vichwa kwa uchovu wa kuhamishwa. Watu wote walikuwa kimya, hata bata. Sitini. Kijani.

Kelele zilizopigwa zilisikika ng'ambo ya korongo, na watu wa Mfereji wa Nane walitoka nje kuuliza kuna harusi gani. Namkunda aliwapungia mikono yote miwili. Kabla ya jioni alitaka awe ameshawapelekea habari, na bata kumi na watatu wa kuazima.

Mzee Mrindoko alipanda ukutani pa ndiva kufungua zamu mpya ya mwaka. Yeye ndiye wa kwanza, kama baba yake na babu yake. Alishika lango, akasimama. Kisha akapuliza baragumu mara moja, fupi.

"Funikeni matoleo yenu ya maji," alisema. "Wote. Mwaka huu tunaanzia chini."

Walifunika. Nyumba ya kwanza ilifunika, ya pili ikafunika, kila mtu kwa bonge la udongo na kisigino chake mwenyewe. Lango lilifunguliwa. Maji yaliingia kwenye mfereji mkuu, mekundu kwa vumbi la upenu wa nyumba kumi na tatu, yakapita kwa mwenyekiti, yakapita kwa fundi, yakapinda kwenye kona ya nyumba ya sita bila kusita. Watu waliteremka nayo wakitembea kando, hakuna aliyetia hata kikombe. Chini kabisa, Bibi Nakiete alikuwa amesimama kwenye toleo lake, jembe mkononi, sketi ameikunja kiunoni. Katika miaka yote aliyoishi mlimani hakuwahi kuona maji ya kwanza.

Yalifika miguuni pake yakiwa yamejaa ukingo hadi ukingo. Aliyatazama kwa muda. Kisha akainua jembe, akayafungulia njia.